Mkalimani wa Mpiga Tarumbeta

9 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu, tena za moto, kama zimeepuliwa jikoni sasa hivi. Huku sote wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo linajua habari za mvua kabla ya watu wa redio, na mkaza mjomba wako, ambaye amegombana na jirani juu ya kamba ya kuanikia nguo. Kamba imehamishwa, ugomvi umebaki pale pale. Mjomba wako mdogo mzima. Anapiga tarumbeta yake asubuhi na jioni, anakunywa maji kama bustani, analala mapema kuliko kuku. Biashara ya kukodisha viti na spika inakwenda. Juzi nilipeleka viti kwenye shughuli mbili kwa wakati mmoja wakati viti nilivyonavyo havitoshi hata shughuli moja, na hakuna aliyesimama. Nilivyofanya usiniulize, siku moja watakuja wasomi kuandika.

Najua utasema, mjomba, kwa nini barua wakati simu ipo. Kwenye simu unanikatiza. Ndiyo kwanza nimepasha koo, wewe unasema "Mjomba, kwa kifupi". Barua haina tabia hiyo.

Sasa kaa vizuri. Tumefuatwa. Wamekuja wageni kutoka ng'ambo na gari lililojaa masanduku ya chuma. Yuko mama mmoja mwenye nywele za mvi zilizokatwa kama za askari, huyo ndiye mwongozaji, na yuko kijana wa kamera, mrefu kiasi kwamba mlangoni kwetu anaingia kwa kuinama kama anatoa heshima. Wanatengeneza filamu. Si zile za kupigana. Hii ni ya maisha ya kweli, mtu anakaa kwenye kiti anasema mambo yake. Huko kwao walisikia santuri ya mjomba wako mdogo, ile ya enzi zile bendi ilipokuwa bendi, wakauliza mpiga tarumbeta huyu yuko wapi, wakaambiwa aliugua akili jina lake likiwa juu kileleni. Basi wakapanda ndege. Walipofika hawakumwuliza yeye, kwa sababu mlango niliufungua mimi.

Unajua hakuna katika nyumba nzima anayejua lugha yao ila mimi, tangu nilipowabebea mizigo wale mafundi wa kupima reli. Nilikaa nao msimu mmoja, nikaimeza lugha yote, wakalia nilipoondoka. Kwa hiyo mimi ndiye mkalimani. Mwongozaji aliniuliza kama nimesomea. Nikamwambia darasa la tano, lakini lile la tano la zamani.

Nimeanza kwa kuwapa ile habari ya siku aliyougua, jinsi alivyotoka jukwaani katikati ya wimbo, akapanda juu ya tangi la maji la mji na kupuliza mpaka njiwa wakashuka kuomba msamaha. Kijana wa kamera alisahau kufumba mdomo.

Msalimie mtoto, mwambie meno yasimsumbue, babu yake aliota yote kwa wiki moja.

Ni mimi mjomba wako, sasa mtu wa filamu.


27 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Barua imefika, nimeisoma nimesimama kwenye mashine ya kupigia pasi mashuka, maana hoteli yetu huku ng'ambo imejaa na msimamizi wetu haamini kwamba mfuaji nguo ana miguu. Mtoto ameota mawili, analia kwa yote. Mwambie mkaza mjomba namwomba amwachie jirani kamba.

Mjomba, tangi la maji umelitoa wapi? Mjomba Mdogo hakupanda popote. Aliweka tarumbeta chini, akaondoka ukumbini, akapatikana amekaa kwenye ngazi za posta. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka mlivyorudi. Hakuna njiwa aliyehusika.

Nauliza mambo mawili tu na nakuomba uyajibu. La kwanza, yeye mwenyewe ameulizwa kama anataka filamu hii? Si kupitia wewe. Yeye. La pili, dawa zake anakunywa kama kawaida? Daktari alisema nyumba ikiwa na pilikapilika ndipo zisirukwe kabisa.

Kabla sijasafiri alinikalisha barazani akaniambia ana nyimbo tatu mpya. Alisema dawa zinamkausha mdomo, basi kila baada ya sentensi mbili tatu za tarumbeta lazima ashushe chombo anywe maji, na badala ya kuuonea aibu ule ukimya ameuingiza ndani ya wimbo. Alisema, "Watu wanadhani nilipopona nilikwisha. Nataka wasikie hizi kabla hawajaniuliza za zamani." Alisema pia kliniki ni yake peke yake, hata mimi nilikuwa namsindikiza mpaka getini tu.

Waambie hao wageni hivyo. Kwa kifupi.

Mpwa wako.


15 Machi

Mpwa wangu,

Salamu kwako, kwa mtoto, kwa meno yake mawili, na kwa huyo msimamizi wako, ambaye ningekutana naye angenivulia kofia hata kama hana. Hapa mvua imeanza, goti lilikwisha tangaza. Mkaza mjomba wako amemwachia jirani kamba na kununua kamba ndefu zaidi.

Kazi imepamba moto. Sebule imegeuka studio. Wametandaza nyaya sakafuni hata paka anatembea kwa kufikiri. Kutwa nzima namwona mjomba wako mdogo kwenye kiti kile chenye mkono uliovunjika, amevaa shati lake jeupe, chupa ya maji miguuni, na mimi pembeni nakalimani.

Sasa nikwambie ukweli wa kazi hii. Mjomba wako mdogo haongei, anadondosha. Ameulizwa ni kitu gani kinamfanya apige. Akafikiri, akafikiri, mwongozaji akasogea mbele, akasema, "Pumzi." Basi. Watu wamevuka bahari na masanduku yote yale uwape neno moja kama unawapa chenji? Nikalishika lile neno nikaliwekea nyama. Nikasema kwamba anasema tangu akiwa tumboni upepo ulikuwa ukimwita kwa jina, na kaka yake mkubwa ndiye aliyemwonyesha mlango wa kupitia. Mwongozaji aliandika kwa muda mrefu.

Wakauliza habari za ule ukumbi na zile ngazi. Kumbe na yeye aliwagusia posta, sijui kwa nini, tangi lilikuwa limekaa vizuri. Akasema maneno matatu manne ya kawaida yasiyo na maana. Nikawaambia anasema aliona nyota ikishuka ikaingia ndani ya tarumbeta.

Zile nyimbo mpya amewapigia. Sikuzizuia. Ila niliwaambia ni mazoezi ya kupasha mdomo, wimbo wenyewe unakuja, maana nilimwona kijana wa kamera anatazama saa kila mara mjomba wako alipokunywa maji. Wanataka ile ya zamani, ile ya kasi. Nikamwambia, ndugu yangu, wape moja tu ya kasi. Akasema ile ni ya mtu mwingine.

Kuhusu kliniki, waliomba kumfuata na kamera. Yeye alijibu kitu kifupi, mimi nikawafikishia kwa urefu wake. Tulikwenda sote siku ya miadi, lakini mwanga wa pale haukuwa mzuri, tukarudi.

Kuhusu dawa, mjadala ulifanyika. Unajua kwenye kioo cha kamera anaonekana mpole mno. Mwongozaji mwenyewe hakusema kitu, lakini mimi macho ya watu nayasoma. Nikawaza kwamba hata injini hupumzishwa.

Kuhusu swali lako la kwanza, ni swali zuri, la kimsingi, na tutalirudia.

Mjomba wako, mkalimani.


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani za kukupa, mtoto mzima, kazi ipo, tuache hayo.

Kitu kifupi gani alichojibu?

Mimi namjua. Kitu kifupi anachojibu Mjomba Mdogo akiulizwa kuhusu kliniki kina silabi tatu na kinaanza na ha. Wewe umekigeuza kuwa nini mpaka watu wazima wakabeba kamera kwenda kwenye mlango wa wagonjwa? Na mwanga wa kliniki umekuwaje mbaya wakati pale pana taa kama uwanja wa mpira?

Na injini gani ya kupumzishwa? Mara ya mwisho aliporuka dawa nilikuwepo, na wewe ulikuwepo. Alikaa chini ya meza ya jikoni akiwa amejiziba masikio, anaziomba radhi sauti ambazo sisi hatuzisikii. Hukuwa na la kuongea siku hiyo, mjomba, na ndiyo siku pekee ninayoikumbuka umenyamaza. Ilichukua msimu mzima wa mvua kumrudisha kwenye kiti kile chenye mkono uliovunjika. Leo unataka umwondoe hapo ili kijana mrefu asitazame saa?

Nimemwandikia mkaza mjomba barua yake peke yake. Atakusomea kwa sauti, na wewe unaijua sauti yake.

Nijibu kwa maneno machache: anakunywa au hanywi?

Mpwa wako.


30 Aprili

Mpwa wangu mwenye hasira,

Salamu zako nimezipokea ingawa hukuzituma. Barua ya mkaza mjomba wako ilisomwa, ilisikika, na jirani ametuma pole. Goti la kushoto limepata mwenzake, sasa na kifundo cha mguu wa kulia kinauma, sababu utaiona mbele.

Dawa anakunywa. Nilipomgusia tu habari ya kupumzika aliniangalia kama mtu anayeangalia saa mbovu, akalichukua lile kopo lake kabatini akalitia mfukoni, na tangu siku hiyo anatembea nalo. Akitembea linalia chaka chaka, mtu wa sauti wa filamu analalamika. Sijaliona tena. Umefurahi?

Sasa sikiliza, maana wewe huko unakunja mashuka tu hujui presha ya sanaa. Walipokaribia kumaliza, mwongozaji aliniita pembeni akaniuliza kwa upole, je, katika maisha ya ndugu yako kuna siku mbaya, na kama zipo, sisi tutajuaje. Nadhani ndivyo alivyouliza, alikuwa anaongea haraka. Mimi nikaelewa wanataka kuiona. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, siku mbaya nitawapangia Alhamisi.

Nikaenda kwa mjomba wako mdogo nikamweleza mpango. Namnukuu:

"Kaka, Alhamisi nafanya mazoezi."

"Ni dakika chache tu. Unatoka uani, unaongea peke yako kidogo, unazunguka mara mbili, unarudi ndani."

"Nilipougua sikuigiza. Nitaigizaje nikiwa mzima?"

"Basi kwa ajili ya jina la nyumba."

"Jina la nyumba liigize lenyewe," akasema, akachukua tarumbeta akaingia chumbani.

Haya, na Alhamisi imefika, kamera iko uani, mwongozaji amekaa, na mimi ni mtu wa ahadi. Ningefanya nini? Nikawaambia ndugu yangu leo hayuko tayari, lakini mimi nimekaa naye miaka yote, nitawaonyesha mwenyewe alivyokuwa akifanya. Vile viti vyangu vya plastiki vilikuwa vimepangwa kimoja juu ya kingine kusubiri shughuli ya Jumamosi. Nikapanda juu, iwe kama tangi. Nikapiga kelele. Nikaita njiwa. Nikafanya mikono hivi. Nakwambia ilikuwa kazi ya hali ya juu, mpaka mkaza mjomba wako alitoka na kikombe cha chai mkononi, akatazama, akarudi ndani na chai yake.

Kisha nikashuka. Viti ndivyo vilivyotangulia kushuka, lakini nilikuwa na nia hiyo hiyo.

Mjomba wako mdogo alisikia kishindo akatoka. Alinikalisha, akashika mguu wangu, akaniambia maneno fulani ambayo hayahusu barua hii. Mwongozaji akauliza, anasema nini. Nikakalimani kama kawaida.

Wamefunga masanduku yao wameondoka. Mwongozaji aliniaga kwa mikono miwili na alikuwa na machozi. Wale wa reli walifanya vile vile.

Mjomba wako, wa kuchechemea kwa muda.


18 Septemba

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mjomba Mdogo. Natumaini kifundo kimepona. Mtoto anatembea, akianguka anasimama na kuwaangalia watu kama wao ndio waliomwangusha, nadhani unajua damu hiyo imetoka wapi. Barua yako ya Juni niliipata, ile ya kwamba filamu itaitwa kwa jina lako. Haikuitwa.

Nimeiona. Imeletwa huku, kwenye ukumbi mdogo nyuma ya maktaba ya mji, nikaenda na wenzangu wawili wa kufulia, bado tunanukia sabuni. Nitakwambia ilivyo, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaanza kunijibu kichwani.

Huko kwao walitafuta mtu anayejua lugha yetu sawasawa, akaandika chini ya picha kila neno lililosemwa na kila mtu. La Mjomba Mdogo na la kwako.

Inaanza na wimbo mpya, ule wa kwanza kati ya tatu. Hakuna maelezo. Ni yeye, shati jeupe, anapiga, anashusha tarumbeta, anakunywa maji, na ukumbi mzima unangoja kimya, anapandisha tena. Mama mmoja jirani yangu alikuwa anameza mate kila alipokunywa yeye. Hakuna aliyetazama saa, mjomba.

Kisha swali, kinachokufanya upige ni nini. Yeye: "Pumzi." Chini yake imeandikwa, Pumzi. Halafu wewe unaanza, na maandishi yanapanda, mstari juu ya mstari, tumbo la mama, upepo, mlango, kaka mkubwa, mpaka yanafika kifuani kwake, yanamfunika kidevu, na juu ya maandishi yale yanabaki macho yake tu yakikungoja umalize. Watu walicheka mpaka mwenzangu akapiga kiti cha mbele.

Kliniki. Wanauliza, tunaweza kufuatana nawe? Yeye: "Hapana." Wewe: anasema kliniki ni nyumba yenu, karibuni hata leo. Watu wakacheka tena, lakini kicheko kingine, cha kuguna. Halafu mnaonekana getini, na muuguzi ananyoosha mkono kufunika kamera, anamwuliza yeye, si wewe, "Umewakubalia?" Anatikisa kichwa. Geti linafungwa. Basi, kumbe ule ndio mwanga mbaya.

Sasa zile ngazi za posta. Wewe uliandika kwamba alisema maneno matatu manne yasiyo na maana. Nitakuandikia yalivyokuwa pale chini: "Sikujua nilipo. Nilikuwa peku. Kaka alinikuta, hakunifokea. Alikaa na mimi mpaka posta ikafungwa. Akanivalisha viatu vyake akarudi nyumbani peku yeye." Na wewe, umekaa pale pale pembeni yake umesikia kila kitu, ukamgeukia mwongozaji ukasema, anasema aliona nyota ikishuka.

Ukumbi haukucheka. Mimi nilikuwa simjui mtu huyo wa viatu. Miaka yote hii umetulisha njiwa na matangi na mafundi wa reli wanaolia, na hilo hukuwahi kulisema hata siku moja. Kwa nini?

Na Alhamisi yako. Umeanguka, viti vimetapakaa, umeshika mguu. Anakuja, anapiga magoti, na chini inaandikwa: "Kaka, kaa. Vuta pumzi polepole. Hakuna anayekufukuza. Mimi nipo hapa." Anakuongelesha vile tulivyofundishwa tumwongeleshe yeye. Mwongozaji anauliza, anasema nini, na wewe, uso wote umejaa vumbi, unajibu: anasema ananishukuru kwa yote niliyomfundisha. Hapo sikuweza kujua tena nani anacheka na nani analia. Mwenzangu wa kushoto aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kati ya hawa wawili mgonjwa ni yupi?" Nikamwambia, wote ni wajomba zangu.

Mwisho wa filamu nilimfuata mwongozaji, aliyekuja na filamu yake. Aliposikia mimi ni nani alinikumbatia na harufu yangu ya sabuni. Akaniambia alipopata tafsiri ya kweli alishikwa na aibu, akamtuma mkalimani mwingine mwezi wa saba, siku uliyokwenda kufunga spika mji wa pili. Yule alikaa na Mjomba Mdogo barazani, akamwonyesha picha moja baada ya nyingine, akamwuliza hii ibaki, hii itoke. Alikubali karibu yote. Wakamwuliza kama sehemu zako zikatwe. Akasema, "Ziacheni. Ndivyo tunavyoishi."

Kwa hiyo swali langu la Februari lilijibiwa, ila halikujibiwa na wewe.

Sasa lipo lingine. Watu wa ukumbi ule wanamwalika aje kupiga huku mwezi wa Desemba. Tiketi watatuma, daktari wa huku ataandikiana na wa huko. Anaweza kukubali, anaweza kukataa, anaweza kuweka masharti yoyote. Mimi siwezi kuja kumwuliza. Mkaza mjomba akimwuliza, Mjomba Mdogo atamjibu la kumfurahisha tu. Umebaki wewe.

Mwulize, halafu uniandikie alivyosema. Alivyosema, mjomba.

Mpwa wako.


6 Oktoba

Mpwa wangu,

Salamu. Kifundo kimepona. Kamba mpya ya mkaza mjomba wako imekatika na sasa wanaanika na jirani kwenye ile ya zamani, wanazungumza kama hakuna lililotokea.

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyotaka. Niliisoma dukani, katikati ya viti, halafu nikaisoma tena. Kuhusu kucheka kwa watu sina kinyongo, mtu asiye na kipaji hachekwi na ukumbi mzima wa ng'ambo. Maandishi kujaa mpaka kidevuni inategemea ukubwa wa herufi, hilo nitawaandikia wenyewe.

Kuhusu viatu, unaniuliza kwa nini sikusema. Mpwa wangu, pale hakuna hadithi. Yeye hakuwa na viatu, mimi nilikuwa navyo. Ungetaka nianzie wapi? Tangi la maji lina urefu. Watu wakisikia mtu amepanda juu, wanainua macho. Nikiwaambia alikaa kwenye ngazi na hakunijua mimi ni nani kwa saa nzima, macho watayaweka wapi? Mimi mwenyewe sikujua pa kuyaweka.

Tuache hilo.

Nimemwuliza. Sikumwulizia mlangoni, nilivuta kiti nikakaa naye barazani, nikamsomea maneno yako kuhusu ukumbi, tiketi na daktari, bila kuongeza, ingawa pale kwenye ukumbi mdogo ulimi uliniwasha niseme mkubwa. Akafikiri. Unamjua anavyofikiri. Alifikiri mpaka mkaza mjomba wako akaja kuuliza nani amefariki. Mara tatu nilitaka kumsaidia jibu, nikashika mikono ya kiti.

Haya ndiyo aliyosema:

"Nitaenda. Nitapiga zile tatu mpya. Ya zamani sitapiga. Kliniki ya huko niingie peke yangu. Kaka aje anishikie maji. Asikalimani."

Nikamwuliza kama la mwisho niliandike vile vile. Akasema niandike. Nikamwuliza kama niongeze lolote, kwa mfano salamu nzito kwa watu wa ukumbi, kutoka moyoni, na neno moja juu ya upepo.

Akasema hapana.

Basi, mpwa wangu, hapana.

Mjomba wako.